Mwongozo Kamili kwa Vegani Anayebaguliwa: Hatua za Kufuata Kazini, Shuleni na Mbele ya Sheria kwa Wakazi wa Moshi na Arusha

Nilikuwa mpishi katika hoteli moja mjini Moshi. Asubuhi moja mkuu wa jikoni alinijia na kijiko cha mchuzi wa mbuzi, na mbele ya wenzangu wote wa zamu akaniambia nionje au nivue aproni. Alikuwa anajua tangu siku ya kwanza kwamba sili nyama. Nilivua aproni, nikaikunja, nikaiweka juu ya meza ya kukatia mboga. Juma lililofuata nilihamishiwa kwenye sinki la vyombo, zamu zangu zikapungua kutoka sita hadi tatu kwa wiki, na baada ya mwezi mmoja nikaambiwa kwa mdomo tu kwamba nisirudi tena. Nilikaa nyumbani miezi minne nikiwasimulia ndugu na majirani uchungu wangu, na nilipofika hatimaye katika ofisi ya Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, ambayo wengi wetu tunaiita CMA, afisa aliniuliza maswali mawili: uliachishwa kazi tarehe ngapi, na una karatasi gani? Tarehe ilikuwa imepita mno na karatasi sikuwa nayo hata moja.

Tangu hapo nimesomea usaidizi wa kisheria, na nimewasaidia wahudumu, wapagazi na wazazi wa wanafunzi waliopatwa na jambo kama hilo. Mwongozo huu nimeuandika kwa ajili ya mtu asiyetumia nyama, samaki, maziwa, mayai wala asali, ambaye siku hizi anaitwa vegani, ili asipoteze haki yake kwa kutojua aanzie wapi. Utamfaa pia anayeacha nyama peke yake, awe Msabato, Mhindu, Mjaini, Mrasta, au Mkristo wa Kiorthodoksi aliye katika mfungo.

Hatua ya kwanza: Jua unasimama juu ya msingi gani

Ni lazima nianze na ukweli ambao wengi hawapendi kuusikia. Hakuna sheria ya Tanzania inayomtaja vegani. Ibara ya 13 ya Katiba ya mwaka 1977 inakataza ubaguzi, lakini inapoeleza maana ya kubagua inataja mambo kama utaifa, kabila, mahali mtu alipotokea, maoni ya kisiasa, rangi, dini, jinsia na hali ya mtu katika maisha. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, ambayo ni Sura ya 366, inataja katika kifungu chake cha 7 orodha iliyo ndefu zaidi: rangi, utaifa, kabila au mahali pa asili, mbari, asili ya kijamii, maoni ya kisiasa au dini, jinsia, ujauzito, hali ya ndoa au majukumu ya familia, ulemavu, VVU na UKIMWI, umri, na hali ya mtu katika maisha. Chakula hakimo. Mtu akienda mbele ya msuluhishi akasema tu kwamba amebaguliwa kwa sababu hali nyama, atasikilizwa kwa heshima na kisha ataulizwa: hilo linaingia wapi katika orodha?

Kwa hiyo kazi yako ya kwanza ni kutambua, kwa ukweli kabisa, jambo lako linaingia kwa mlango gani. Ninavyoona mimi milango iko minne, na nguvu zake hazilingani.

Mlango wa kwanza ni dini. Ikiwa unaacha nyama au mazao yote ya wanyama kwa sababu ya imani yako ya dini, basi ubaguzi unaofanyiwa unagusa neno ambalo limeandikwa wazi katika Katiba na katika kifungu cha 7, na ibara ya 19 ya Katiba inakulinda pia katika uhuru wa imani na uchaguzi wa mambo ya dini. Msabato wa Usa River anayeishi kwa mboga na nafaka kama sehemu ya mafundisho aliyolelewa nayo, au Mjaini wa mjini Arusha ambaye kutodhuru kiumbe ni nguzo ya dini yake, wana hoja iliyonyooka. Hapa ninaonya kwa nguvu: usijitungie dini usiyokuwa nayo kwa sababu umeona ina mlango mpana. Utaulizwa unaabudu wapi na tangu lini, mashahidi wataitwa, na uongo huo ukigundulika utazamisha hata ile sehemu ya madai yako iliyokuwa ya kweli.

Mlango wa pili ni afya. Kuna watu ambao maziwa au nyama huwadhuru kweli, na cheti cha daktari kinabadilisha mazungumzo na mwajiri mara moja, hata pale ambapo hali hiyo haifikii kuitwa ulemavu kisheria. Ikiwa hali yako ni ya namna hii, pata barua ya daktari mapema na uiweke.

Mlango wa tatu ni kuachishwa kazi isivyo haki, na kwa mtazamo wangu huu ndio imara kuliko yote, ingawa watu huusahau kwa sababu hauna neno la ubaguzi ndani yake. Sheria inamtaka mwajiri awe na sababu halali ya kumwachisha mtu kazi na afuate utaratibu wa haki, na mzigo wa kuthibitisha hayo yote unamwangukia yeye. Mwajiri aliyekuondoa kwa sababu hukuonja mchuzi, bila barua, bila kikao, bila kukupa nafasi ya kujieleza, ana kazi ngumu mbele ya mwamuzi hata kama neno vegani halitatamkwa kabisa. Hata mfanyakazi aliyejiuzulu mwenyewe kwa sababu mwajiri aliyafanya mazingira ya kazi yasivumilike anaweza kuhesabiwa kisheria kuwa ameachishwa. Zingatia mipaka yake: ulinzi huu haumhusu aliyefanya kazi chini ya miezi sita kwa mwajiri huyo, na wenye mikataba ya muda maalumu au ya kazi maalumu, kama wapagazi wengi wa Kilimanjaro wanaoajiriwa kwa safari moja moja, madai yao kwa kawaida huwa ya uvunjaji wa mkataba.

Mlango wa nne ni dhamiri, yaani pale ambapo huna dini inayokuagiza wala ugonjwa, bali umeamini kwa moyo wako wote kwamba si haki kumtumia mnyama. Mimi niko hapa. Katika Tanzania mlango huu ni mwembamba, na sitamdanganya mtu. Ibara ya 18 inalinda uhuru wa maoni, na Mkataba wa Afrika wa Haki za Binadamu na Watu, ambao Tanzania iliuridhia mwaka 1984, unalinda dhamiri katika ibara ya 8 na unakataza ubaguzi wa hali nyingine yoyote katika ibara ya 2. Hizo ni hoja za kuongezea nguvu. Usizifanye kuwa mguu wa pekee wa kusimamia.

Nchi nyingine zimeamua nini

Inasaidia kujua wenzetu walifika wapi, kwa sababu hoja zao unaweza kuziazima ingawa hukumu zao hazimfungi mwamuzi wa Moshi. Nchini Uingereza, Januari 2020, baraza la kazi la Norwich liliamua katika shauri la Jordi Casamitjana kwamba uvegani wa kimaadili ni imani ya kifalsafa inayolindwa na Sheria ya Usawa ya mwaka 2010. Yeye alidai kwamba alifukuzwa baada ya kuwaeleza wenzake kuwa fedha zao za pensheni zilikuwa zimewekezwa katika makampuni yanayofanyia wanyama majaribio, na mwajiri wake alikana kwamba hiyo ndiyo iliyokuwa sababu. Shauri lenyewe lilimalizika kwa makubaliano. Miezi michache kabla yake, mwaka 2019, mhudumu wa hoteli huko huko Uingereza, katika shauri la Conisbee dhidi ya Crossley Farms, alishindwa, kwa kuwa baraza liliona kutokula nyama kama alivyoeleza yeye kulikuwa chaguo la maisha na hakukufikia kiwango cha imani.

Kanada ilikwenda kinyume na Norwich. Mzima moto mmoja wa Ontario aliyepelekwa kambini British Columbia mwaka 2017 alilalamika kwamba hakupewa chakula cha kumtosha kama vegani, na mwaka 2023 baraza la haki za binadamu la jimbo lake liliamua kwamba uvegani wake wa kimaadili haukuwa imani ya aina inayolindwa na sheria yao. Ninalitaja shauri hilo kwa sababu linafanana mno na maisha ya kambi za Barafu au Shira kule mlima Kilimanjaro, ambako mtu hana duka la kukimbilia na chakula ni kile kilichobebwa. Huko California, mwaka 2002, mahakama ya rufani ilikataa dai la mtu aliyenyimwa ajira kwa kukataa chanjo ya matumbwitumbwi iliyooteshwa katika viinitete vya kuku, ikisema uvegani wake haukuwa dini. Mahakama ya Ulaya ya Haki za Binadamu, kwa upande wake, iliiona Poland na kosa mwaka 2010 kwa kumnyima mfungwa Mbudha mlo usio na nyama, na hapo dini ndiyo iliyobeba shauri.

Ukiyaweka mashauri hayo pamoja utaona jambo moja: aliyeweza kuonyesha imani nzito inayotawala maisha yake yote alipata nafasi ya kusikilizwa kuliko aliyesema tu kwamba hapendi nyama.

Hatua ya pili: Iandike imani yako kabla hujaulizwa

Kaa chini na daftari, siku ambayo huna hasira. Jiulize maswali ambayo mabaraza ya Uingereza huuliza tangu shauri la Grainger la mwaka 2009, maana ni maswali mazuri popote pale: Je, naamini hivi kweli? Je, ni imani, au ni maoni ninayoweza kuyabadilisha kesho nikisikia habari nyingine? Je, inahusu jambo zito katika maisha ya binadamu? Je, ina mantiki na uzito? Je, inaheshimu utu na haki za wengine? Andika majibu yako kwa sentensi kamili. Kisha andika matendo, kwa sababu matendo ndiyo yanayoshuhudia: tangu mwaka gani, unavaa viatu vya aina gani, unafanya nini nyumbani pakichinjwa, ulifanya nini msibani ulipopewa sahani. Mama mmoja niliyemsaidia aliandika kwamba tangu alipoacha mazao ya wanyama hupika kiburu chake cha ndizi na maharage bila samli, na hubeba bakuli lake hata kwenye harusi ya mdogo wake. Mstari huo mmoja ulimweleza vizuri kuliko kurasa tatu za falsafa.

Hatua ya tatu: Mjulishe mwajiri kwa maandishi, kabla ya ugomvi

Barua iliyoandikwa kabla ya mgogoro ina thamani kubwa kuliko zilizoandikwa baada yake, kwa sababu inamwondolea mwajiri nafasi ya kusema kwamba hakujua. Iwe fupi na ya adabu. Mfano wake ni huu:

"YAH: TAARIFA KUHUSU MLO NA MAJUKUMU YANGU. Husika na kichwa cha habari hapo juu. Mimi ni mhudumu wa chumba cha kulia tangu Machi 2023. Kwa sababu ya imani yangu situmii nyama, samaki, maziwa, mayai wala asali, na nimeishi hivyo kwa miaka sita. Hali hii hainizuii kuwahudumia wageni wanaokula vyakula hivyo. Ninaomba mambo mawili: katika mlo wa wafanyakazi nipatiwe maharage au mboga zilizopikwa bila nyama wala samli, na nisilazimishwe kuonja vyakula vyenye mazao ya wanyama. Niko tayari kukutana nawe ili tujadiliane namna ya kutekeleza jambo hili bila kuongeza gharama. Natanguliza shukrani."

Chapa nakala mbili. Moja iache ofisini, na nyingine ipigwe mhuri wa mapokezi au isainiwe na aliyeipokea pamoja na tarehe. Wakikataa kusaini, itume tena kwa barua pepe au kwa WhatsApp ya msimamizi, na uhifadhi ujumbe huo usifutike.

Angalia jinsi barua inavyoomba kitu kidogo kinachowezekana. Sheria inamruhusu mwajiri kutofautisha watu kwa jambo ambalo ni hitaji la msingi la kazi yenyewe, na lazima tuwe waungwana katika hili. Mchoma nyama wa baa ya nyama choma pale Ngarenaro akisema hatagusa nyama, ameikataa kazi yenyewe aliyoajiriwa kuifanya. Mhasibu, dereva, mtunza bustani au mhudumu wa mapokezi hana hitaji la namna hiyo hata kidogo. Mpishi wa jikoni kubwa yuko katikati, na hapo ndipo pendekezo lako linapohitaji kuwa na akili: kwamba mwenzako wa zamu ataonja mchuzi na wewe utashika mboga, mchele, chapati na maandazi. Kama jikoni kuna wapishi wanane, ni vigumu kwa mwajiri kueleza kwa nini jambo hilo lisiwezekane. Nami ningekuwa nimeandika pendekezo hilo mapema, nadhani aproni yangu ingebaki kiunoni.

Kwa wagumu, yaani wapagazi wa mlimani, na wapishi wa safari, zungumza na kiongozi wa msafara siku ya kupanga mzigo na si mkiwa mmeshafika geti la Machame. Ugali, maharage, makande na mchicha ni chakula cha kawaida cha kambi, kwa hiyo unachoomba kwa kweli ni kutengewa chako kabla ya dagaa au mchuzi wa nyama kumwagwa juu, na kwamba maharage yawe ya kutosha kwa mtu anayebeba kilo ishirini.

Hatua ya nne: Weka daftari la matukio

Ubaguzi wa namna hii mara nyingi huja kwa vipande vidogo: utani wa kila siku, jina la mla majani, zamu inayopungua, chakula kinachoisha kila ukifika wewe. Kila kipande peke yake kinaonekana si kitu, ila vikipangwa kwa tarehe vinaonyesha mwendo. Kwa hiyo andika siku ile ile, hata ukiwa umechoka: "Jumanne, 12/3/2024, saa 7:40 mchana, jikoni. Msimamizi alisema 'mla majani hana nguvu ya kupanda juu'. Walikuwepo dada wa stoo na kijana wa usafi. Sikujibu. Jioni jina langu halikuwamo katika orodha ya safari ya Alhamisi." Andika maneno yenyewe yaliyotamkwa, wala usiandike kwamba ulitukanwa tu. Kifungu cha 7 kinahesabu unyanyasaji kuwa ni namna ya ubaguzi pale unapotokana na sababu zilizotajwa humo, lakini mwamuzi hawezi kupima neno "alininyanyasa" bila kujua nini kilisemwa.

Hifadhi pia ratiba za zamu za kabla na baada ya barua yako, hati za malipo, mkataba, na picha za ubao wa matangazo. Ujumbe wa simu unapokelewa kama ushahidi, na Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015 imeliweka hilo wazi, ila usiifute simu wala kuiuza kabla shauri halijaisha. Ikiwa hukupewa mkataba wa maandishi usikate tamaa, kwa kuwa sheria inamtaka mwajiri ampe mfanyakazi maelezo ya ajira yake kwa maandishi, na asipoweza kuyatoa, yeye ndiye atakayebeba mzigo wa kuthibitisha masharti mliyokubaliana.

Hatua ya tano: Lalamika ndani kwanza, lakini saa inatembea

Peleka malalamiko ya maandishi kwa mkuu wa rasilimali watu au kwa mwenye kampuni, ukitaja matukio matatu au manne yenye tarehe na unachotaka kifanyike. Kama wewe ni mwanachama wa chama cha wafanyakazi, kwa mfano CHODAWU kinachowahusu watu wa hifadhi, hoteli na majumbani, mwombe mwakilishi wenu aingie nawe kikaoni. Mpe mwajiri siku saba au kumi za kujibu, si zaidi. Waajiri wengi wa kwetu si watu wabaya. Wengine hawajawahi kukutana na vegani, na barua yenye lugha nzuri imemaliza matatizo mengi niliyoyaona mimi mwenyewe. Hata hivyo, mazungumzo ya ndani hayasimamishi muda wa kisheria, na maneno kama "subiri bosi arudi kutoka Dar" yamewagharimu watu haki zao.

Hatua ya sita: Tume ya Usuluhishi na Uamuzi

CMA ina ofisi Arusha na Moshi, na kufungua mgogoro hakuna ada. Mambo manne ni ya kushika kwa uangalifu.

La kwanza ni muda. Mgogoro wa kuachishwa kazi unafunguliwa ndani ya siku 30 tangu kuachishwa, na migogoro mingine, ukiwemo ubaguzi wa mtu ambaye bado yuko kazini, ndani ya siku 60 tangu ulipotokea. Hesabu siku za kalenda. Ukichelewa unaweza kuomba kuongezewa muda kwa fomu namba 2, lakini utatakiwa kueleza sababu nzito ya kila siku uliyochelewa, na uchungu wa moyo haukubaliwi kirahisi kama sababu, jambo ambalo nimelijua kwa gharama.

La pili ni fomu namba 1 yenyewe, ambayo watu huijaza haraka huku wamesimama dirishani. Ichukue, kaa nayo, na uitafakari, kwa maana ulichoandika humo ndicho kitakachokufunga mpaka mwisho. Chagua aina ya mgogoro kwa makini. Kama umeachishwa, jaza sehemu B inayohusu kuachishwa kazi, ukieleza kasoro ya sababu na kasoro ya utaratibu. Kama mkataba wako ni wa muda maalumu, zungumza na msaidizi wa kisheria kabla ya kuweka alama yoyote, kwa kuwa kuchanganya kuachishwa isivyo haki na uvunjaji wa mkataba kumewaangusha watu wengi. Mahali pa kueleza unachotaka, andika kiasi cha fedha au kurudishwa kazini waziwazi. Nakala ya fomu lazima impate mwajiri, na uthibitisho kwamba ameipokea uuambatanishe.

La tatu ni usuluhishi. Msuluhishi ana siku 30 za kujaribu kuwapatanisha, na unaweza kuingia na mwakilishi wa chama, wakili, au mtu mwingine uliyemchagua. Hapa zungumza lugha ya mlango wako. Aliye na dini aseme dini, na akishaonyesha dalili za awali za ubaguzi, sheria inamtaka mwajiri athibitishe kwamba haukutokea au kwamba kitendo chake hakikutokana na sababu hiyo. Mwenye dhamiri kama mimi aanze na ukosefu wa sababu halali na utaratibu, kisha aongeze hoja ya imani kwa unyenyekevu. Makubaliano mazuri mara nyingi ni bora kuliko ushindi wa mbali: cheti cha utumishi chenye maneno safi, malipo ya notisi na likizo, na ahadi ya maandishi kuhusu mlo wa wafanyakazi waliobaki.

La nne ni kinachofuata. Usuluhishi ukishindikana, shauri linakwenda kwa mwamuzi, na asiyeridhika na tuzo, yaani uamuzi wa mwamuzi huyo, anaweza kuomba mapitio Mahakama Kuu, Divisheni ya Kazi, ndani ya wiki sita tangu alipopokea tuzo. Kufikia hapo unahitaji mtu wa sheria. Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 iliwekwa kwa ajili ya wasio na uwezo wa kumlipa wakili, kwa hiyo usione haya kuuliza katika ofisi ya ustawi wa jamii ya halmashauri yako ni nani anayetoa huduma hiyo karibu nawe.

Mtoto aliye shuleni

Wazazi wengi wanadhani mtoto ana ulinzi mdogo kuliko mtu mzima, na katika suala hili ni kinyume chake. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009, kifungu cha 5, inakataza kumbagua mtoto kwa dini, hali ya afya, mila na sababu nyingine nyingi, na kisha inaongeza maneno ambayo sheria ya kazi haina: au hali nyingine. Orodha haijafungwa. Mzazi wa mtoto vegani ana mahali pa kuingizia hoja yake bila kuilazimisha.

Anza na mwalimu wa darasa, kisha matroni au patroni, kisha mkuu wa shule, kila hatua kwa barua. Katika shule nyingi za bweni mlo wa kila siku ni uji, makande, ugali na maharage, na shida hutokea siku ya nyama ambapo maharage hayapikwi kabisa. Omba basi jambo hilo moja: siku ya nyama, wapishi wachote maharage au mboga kabla ya kuunga kwa nyama, na mtoto asiitwe mbele ya wenzake kueleza kwa nini hali. Ambatanisha barua ya mganga inayoonyesha kwamba mtoto anakua vizuri na anapata vitamini B12, kwa sababu swali la lishe litaulizwa, na ni swali la haki ambalo mzazi anapaswa kuwa na jibu lake. Shule ikikataa, afisa elimu na afisa ustawi wa jamii wa halmashauri ndio wanaofuata.

Milango ya juu zaidi

Tume ya Haki za Binadamu na Utawala Bora inapokea malalamiko kwa barua na kuyachunguza. Hutoa mapendekezo, na kwa taasisi ya umma barua yake huwa na uzito. Shauri la kikatiba Mahakama Kuu, chini ya ibara ya 30 na Sheria ya Utekelezaji wa Haki na Wajibu wa Msingi, ni kazi ya mawakili, na tangu marekebisho ya mwaka 2020 mlalamikaji lazima aape kwamba yeye mwenyewe ameathirika. Watu wa Arusha hupita kila siku karibu na Mahakama ya Afrika Mashariki na Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, na huniuliza kwa nini wasiingie tu humo. Ile ya kwanza ina ukomo wa miezi miwili tangu kitendo kutokea au kujulikana, na inashughulikia matendo ya dola, wala si ugomvi wako na mwenye hoteli. Ile ya pili haipokei tena mashauri mapya ya mtu binafsi dhidi ya Tanzania, baada ya nchi kujiondoa Novemba 2019 katika tamko lililoruhusu jambo hilo.

Nyumbani na kwenye ukoo

Hapa sheria haifiki, na sidhani kwamba ingepaswa kufika. Desemba Wachaga tunapanda kijijini, mbuzi anachinjwa, na kila fungu la nyama lina mwenyewe kulingana na nafasi yake katika ukoo. Kukataa fungu mbele ya watu kunasikika kama kuukataa ukoo, na wengi wetu tumeumizana na wazazi kwa sababu ya sekunde hiyo moja. Nenda mapema, usiku wa kuamkia siku ya kuchinja, kwa mzee anayesimamia ugawaji, ukiwa na mkungu wa ndizi au sukari mkononi kama ilivyo desturi, umweleze wewe na yeye tu. Mimi nilimwambia baba mkubwa kwamba nafasi yangu naitaka ila nyama siiwezi. Alinyamaza kidogo, akauliza kama ninaumwa, nikamjibu siumwi. Kesho yake alipofika kwenye fungu langu alilitaja kwa jina langu, sauti ikisikika mpaka mgombani, kisha akampa mtoto wa kaka yangu alipeleke kwa bibi.